Kalamu za Kupunguza Mwili Zilizonuka Pweza

Mnanijia mmoja mmoja, mtandio mmeuvuta mdomoni kama mnaulizia jambo la aibu. "Shikamoo Bi Zai. Eti ile sindano ya kupunguza mwili, ile yenyewe, mbona bei yake inashinda bati za nyumba? Na kuna dada mmoja kwenye simu ananipa kwa bei ya kitenge. Nichukue?"

Marahaba, wanangu. Nimechoka kujibu nikiwa nimesimama mlangoni, ndiyo maana nimeshika karatasi. Mwandiko wangu wa kuku, na shule yangu ni darasa la saba la Likawage, hilo la saba lenyewe nililimaliza nikichungulia kwa mwenzangu. Lakini nimeuza dawa Kilwa Masoko miaka ishirini na miwili, na sindano ya bei ya kitenge imepita mwilini mwangu mimi. Sikustaafu kwa keki wala hotuba. Nilistaafu kwa sababu nikihesabu vidonge siku hizi, nikifika cha kumi na tatu kichwa kinaondoka. Kinakwenda kinakojua chenyewe, kinazunguka huko kama mtu anayetafuta ndala zake msikitini, halafu kinarudi na kitu ambacho sikukituma. Na hapa naandika hivyohivyo. Kikiondoka nitakifuata.

Kalamu zilikuwa mbili. Tunaziita kalamu kwa sababu ndivyo zilivyo, ndefu, na kifuniko, na kitufe cha kubonyeza nyuma. Moja nilijichoma mimi. Ya pili nilimuuzia Somoe, mtoto wa marehemu kaka yangu, kule Kivinje, akiwa mwali amefungwa ndani anasubiri harusi. Kila nitakachosimulia hapa kinakwenda kwenye hiyo ya pili.

Watu huniambia nisiwataje wahusika, tunaishi mji mmoja. Nitawataja. Wa kwanza ni Shabani, aliyerithi duka la baba yake akarithi na mimi ndani yake. Wa pili ni Rukia wa Mitwero, kule Lindi, yule wa kwenye simu, mwenye picha ya mwanamke mwembamba ambaye si yeye. Wa tatu ni mimi. Shabani sasa anauza makava ya simu mlango uleule. Rukia amebadili laini, anauza chai ya kukondesha. Mimi naandika.

Aliyenifundisha kazi ni Bi Mwanaidi, muuguzi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kufukuzia mbuzi. Siku za baba yake Shabani alikuja kusimamia duka, mimi nikiwa mfagiaji. Akanikuta napanga maboksi.

"Wewe binti, unajua Kiingereza?"

"Hapana, bibi."

"Sasa umejuaje kwamba hilo ni la malaria?"

"Lina kona ya kijani. Na wote wanaolichukua wanakuja wamejifunika blanketi saa saba mchana."

Akanitazama kama anayepima kitambaa. "Tupa ufagio," akasema.

Siku zile dawa zilikuja kwenye makopo makubwa, vidonge elfu kwa kopo moja. Unamwaga kwenye sinia, unashika kisu butu, unasukuma tano tano kuelekea ukingoni. Ukizoea, mkono unahesabu peke yake na wewe unaota zako. Mchana wa jua kali, mtaa umelala, mlio wa kile kisu kwenye sinia ulikuwa kama mvua inayofikiria kunyesha. Nilikuwa nikiona mambo mengi katika ule mlio. Nilimwona mama yangu anapepeta. Niliona korosho za Likawage zinadondoka zenyewe. Na hesabu haikukosea hata siku moja.

Kwenye bahasha za kaki, kwa wasiojua kusoma, tulichora. Jua linalochomoza, jua la utosi, mwezi. Mchoro huo nilijivunia, nikaupaka wino wa bluu mpaka Mzee Ngwali, wa kwetu Likawage, aliporudi wiki ya pili na presha yake iko juu vilevile.

"Mzee wangu, dawa umemaliza?"

"Bado, mwanangu. Za jua nakunywa vizuri. Za mwezi zimebaki, mwezi wenyewe umejificha siku ya tatu leo. Nikiuona nakunywa."

Bi Mwanaidi alicheka mpaka akakaa chini kwenye katoni. Kuanzia siku hiyo nikachora kitanda. Mwezi unajificha, kitanda kipo kila siku.

Somo kubwa la Bi Mwanaidi lilikuwa moja, nalo alilirudia kila mzigo ulipofunguliwa. "Liulize boksi, halafu kilicho ndani kijibu. Namba ya nje na namba ya ndani zikipishana hata tarakimu moja, hiyo si dawa, hiyo ni hadithi." Halafu alichukua kichupa, akapitisha ukucha wa kidole gumba pembeni mwa karatasi yake. "Karatasi ya kiwandani inaukataa ukucha. Iliyobandikwa sebuleni kwa mtu inaukubali. Umesikia?" Nikasikia. Miaka ishirini ukucha wangu wa gumba niliuacha mrefu kwa kazi hiyo. Wateja walidhani ni urembo.

Sasa hilo la bei. Haya sikuyajua wakati nauza, ndiyo uchungu wake. Niliyajua baadaye, nilipokwisha kuumia, nikafunga safari mpaka Lindi mjini kwenye famasi kubwa iliyosajiliwa. Pale nikamkuta mfamasia, binti wa miaka ya Somoe, ana miwani na subira. Nikamuuliza kwa hasira, kama yeye ndiye aliyepanga bei.

"Mama, umekulia kwenye korosho?" akaniuliza.

"Nimezaliwa chini yake."

"Basi fikiria imeandikwa sheria kwamba kuna mtu mmoja tu anaruhusiwa kuuza korosho, kwa miaka mingi, kwa kuwa yeye ndiye aliyeigundua. Wengine wote mkiuza mnashtakiwa. Bei atapanga nani?"

"Yeye."

"Na mkinung'unika?"

"Atuambie tule maembe."

Akacheka. Akaniambia ndivyo dawa mpya ilivyo. Kampuni iliyoigundua inapewa kinga, wenyewe wanaiita hataza, na mpaka muda wake uishe hakuna kiwanda kingine kinachoruhusiwa kuitengeneza pale ambapo kinga hiyo inafanya kazi. Wanasema walitumia fedha nyingi kuitafuta, na dawa nyingine walizozijaribu zikashindwa, kwa hiyo hii moja iliyofaulu inalipia na zile zilizokufa. Halafu kuna faida, wala hawafichi. Halafu matajiri wa nchi nyingine wamepanga foleni kuitaka, na kitu chenye foleni hakishuki bei. Kalamu yenyewe ina springi na kioo na sindano, si kidonge cha kumwaga kwenye sinia. Na lazima isafiri baridini tangu kiwandani mpaka kwenye friji yako, kwa hiyo unalipia dawa na unalipia ubaridi wake. Inanunuliwa kwa dola. Kila mkono inapopita unabaki na chake. Na bima nyingi zinakuambia kukonda ni urembo, jilipie.

Nilimsikiliza huku naitazama friji yao. Ilikuwa na kioo, na ndani taa nyeupe, na kipimajoto kidogo kinachosoma baridi, na mle ndani hapakuwa na kitu kingine ila dawa. Zimelala zimenyooka, kimya, kama watoto wachanga wa watu wenye uwezo. Nikakumbuka friji ya Shabani, dawa nyuma ya soda na mtungi wa juisi ya ukwaju, umeme ukikatika tunafunika na gunia. Nikakaa pale nikitazama ile taa hata nikasahau nimekuja kufanya nini.

"Mama?"

"Nipo. Na asiye na fedha za dola afanyeje?"

Haya aliyoniambia yachukueni, maana ndiyo mnayoyataka. Alisema usiulize dawa kwa jina la biashara lililoandikwa kwa herufi kubwa. Geuza boksi, tafuta jina dogo lililo chini yake, hilo ndilo jina la dawa yenyewe. Ulizia hilo. Kwa sababu kinga haiishi nchi zote siku moja, na pale inapoisha viwanda vingine hutengeneza dawa ileile kwa jina lao wenyewe, na bei inashuka. Hizo si feki. Kopi halali inasimama kwa jina lake na namba yake ya usajili. Feki ndiyo inayojipaka jina la mwenzake. Kwa hiyo kila baada ya miezi michache rudi uulize kama imekuja iliyosajiliwa. Kuuliza hakutozwi.

Akasema na famasi nazo hazilingani, piga simu tatu kabla ya kupanda gari, na dai risiti. Anza na boksi moja, usinunue matatu eti upunguziwe, maana dozi inapandishwa polepole, na wengine wanatapika wiki ya kwanza wanaacha, yale mawili yanabaki ukumbusho. Usichangie kalamu na shoga yako hata mkibadili sindano, mtaambukizana maradhi. Na kabla ya yote, nenda kwa daktari upimwe sukari na presha, kwa sababu mwingine akipimwa anaambiwa hahitaji kabisa, mwingine anaonekana ana kisukari, na hapo bima inaweza kumtazama kwa jicho jingine, na zipo dawa za zamani za vidonge zisizo za bei hiyo ambazo daktari anaweza kumpa.

"Na la mwisho, mama. Wengi wakiiacha mwili unarudi. Kwa hiyo usipige hesabu ya mwezi, piga hesabu ya mwaka. Kama ya mwaka haiwezekani, usianze."

Hilo la mwisho ndilo lililoniuma. Mimi nilimuuzia mtu wa mwezi mmoja. Mtu wa harusi.

Maana mwezi wa Shaabani kwetu mnaujua, harusi zinapishana mitaani kabla Ramadhani haijafunga mlango. Na mwaka ule wasichana wote walitaka kiuno. Bibi zetu walitaka mwali anenepe, ang'ae, akikaa mkeka ujue kuna mtu. Hawa wanataka kuonekana kama ile picha ya Rukia. Duka letu lilikuwa la dawa muhimu, za maumivu na minyoo na kuharisha. Sindano za namna ile haturuhusiwi, ni za famasi na cheti cha daktari. Nilijua. Shabani alijua. Siku moja akaniita nyuma.

"Bi Zai, Rukia ana kalamu zilezile za matajiri. Zimepita njia ya mkato, hazina ushuru, ndiyo maana rahisi."

"Haturuhusiwi, Shabani."

"Kwani tunauza chai, si dawa? Ni mbili tu za kujaribia. Tena moja uchome wewe. Wewe ndiye bango la duka. Muuza dawa ya kukondesha mwenyewe anaingia mlangoni ubavu, nani atamwamini?"

Na kweli walikuwa wananitania. Mama Tatu wa maandazi, pale nje, kila asubuhi: "Bi Zai, hiyo dawa unaiuza au unaikalia?" Mtaa mzima unacheka, na mimi nacheka, na magoti yananiuma kwa uzito, na usiseme haichomi.

Kalamu zikaja kutoka Lindi ndani ya boksi la barafu, lile la plastiki jeupe. Boksi lilikuwa limepeleka pweza Dar es Salaam likarudi na dawa, ndivyo Rukia alivyokuwa akibana nauli. Barafu ilikwisha kuwa maji. Nilipofungua, harufu ya pweza ikanijaa puani, nikaziona zimelala mle majini, na karatasi ya moja imekunjamana pembeni kidogo, kama ngozi ya kidole kilichoosha vyombo. Ukucha wangu ulikuwepo. Miaka ishirini ulikuwepo. Niliutazama, nikautia mfukoni mkono na ukucha wake.

Kwa nini? Nimejiuliza mpaka nimechakaa. Kwa sababu nilitaka ziwe za kweli. Hakuna sababu nyingine.

Somoe alikuja siku moja kabla ya kufungwa ndani. Akanishika mkono juu ya meza. "Shangazi, dada zake bwana harusi wa Dar wameleta shela. Haipiti hapa." Akajishika ubavuni. "Watanicheka, Shangazi. Wale wana maneno." Nikamfungia kalamu kwenye pindo la khanga. Nikamwambia alivyosema Rukia, choma kila siku asubuhi, harusi iko karibu. Sikujua hata kwamba ile halisi inayosifiwa huchomwa mara moja kwa wiki. Yeye akanibusu mkono. Mkono huu.

Mimi ya kwangu niliichoma siku ya tatu baada yake, kwa woga. Na nilikuwa nimefunga. Nilikuwa na siku nane za kulipa, Ramadhani iliyopita niliugua, na mnajua wanawake wa kwetu, Shaabani ikiingia kila mmoja anakimbilia kulipa siku zake. Nikala daku, nikaswali, nikachoma pajani. Sindano si chakula, haifunguzi, hivyo ndivyo nilivyojipa fatwa mwenyewe nikiwa nimekaa ukingo wa kitanda.

Saa nne asubuhi nipo kwenye sinia nahesabu. Tano. Kumi. Jasho likaanza nyuma ya shingo, la baridi. Kumi na tano, na vidonge vikaanza kupumua. Sitanii. Nilivyoviona, kila kimoja kilikuwa kinapanda na kushuka kama kifua cha kifaranga. Rafu za dawa zikarudi nyuma, mbali, mbali, mpaka zikawa ng'ambo ya maji, na mimi huku nikaona mama yangu anapepeta, pumba zinaruka, zinang'aa, na kila pumba ilikuwa na jina la mtu niliyemuuzia dawa. Nilisikia raha. Huo ndio ubaya wake, wanangu, nilisikia raha. Masikio yangu yalibaki, ila mwili ulishakwenda chini, na juu yangu watu.

"Ana jini la pwani huyu, tazama anavyotetemeka." Huyo Mama Tatu.

"Adhiniwe sikioni." Huyo Issa, fundi cherehani wa jirani.

"Mpeni soda, ameishiwa nguvu."

"We! Bi Zai amefunga leo!"

"Kafunga kweli?"

"Kaniambia mwenyewe asubuhi, kakataa andazi langu. Analipa. Usimharibie swaumu yake."

Wakaiweka soda chini. Wallahi. Watu walionipenda, wamesimama kunizunguka, wananipepea kwa katoni, wanailinda swaumu yangu, na mimi nakufa kwa kukosa sukari, chupa iko karibu na kichwa changu naisikia inavyotoa povu. Siwalaumu hao, hawamo kwenye orodha yangu. Walifanya walilolijua.

Ndipo sauti ya kufukuzia mbuzi ikaingia. "Pisheni! Ana nini?"

"Bi Mwanaidi, kafunga..."

"Mnataka afe na swaumu yake? Lete sukari. Si soda, atapaliwa, amezimia. Sukari kavu!"

Nikasikia kidole chake kigumu kinanisugua ufizi, chembechembe, tamu, kama mchanga wa nchi nyingine. Alisugua na kunitukana, akasugua na kunitukana. Nikaja kufumbua macho zahanati, dripu mkononi, na yeye amekaa pembeni ameshika kalamu yangu aliyoitoa kwenye mkoba.

Hakuniuliza hali. Alipitisha ukucha pembeni mwa karatasi. Karatasi ikainuka yote, laini, kama ngozi ya maziwa. Chini yake kulikuwa na karatasi nyingine.

"Insulini," akasema. "Ya wagonjwa wa kisukari, ya kushusha sukari. Wewe kisukari huna. Nilikufundisha nini, Zainabu?"

Nikauficha ukucha wangu chini ya shuka.

"Zilikuwa ngapi?"

"Mbili."

"Ya pili iko wapi?"

Nikajiona naishika ile khanga, nafunga lile fundo. Nikang'oa dripu. Tabibu akapiga kelele, Bi Mwanaidi akanishindilia soda mkononi, akasema, "Maliza hii njiani, na usife mpaka umefika."

Simu ya Somoe haikuwa na maana, mwali hashiki simu, somo wake, yule kungwi anayemfunda, huichukua siku ya kwanza. Simu ya mama yake iliita ikaishia kuita. Baadaye walinambia ilikuwa imezikwa kwenye kapu la mchele. Nikasimamisha pikipiki. Dereva alikuwa mtu mzima, mvi kidevuni, akaitazama damu iliyokuwa inachirizika kwenye kiwiko changu.

"Dada, unakwenda msibani?"

"Nakwenda kuuzuia."

Hakuniuliza tena mpaka Kivinje. Barabara ile naijua miaka yote, siku ile sikuijua. Minazi ilikuwa inapita kama watu wanaotoka kuzika, hawasalimii. Kichwa kilikuwa kinanitoka, nakirudisha, kinatoka, nakirudisha kwa kulitaja jina lake. Somoe. Amechoma mara ngapi? Siku tatu zimepita. Somoe. Nilikuwa nawaza nitasikia nini kwanza nikikaribia, vigelegele au kilio, na kwa mbali vyote viwili vinafanana.

Vilikuwa vigelegele. Hata hivyo sikupumua, maana vya harusi hupigwa barazani na mwali yuko chumba cha ndani, wa barazani hawajui cha ndani.

Mlangoni alikaa Bi Hadija, somo wa mwali, mwanamke mwenye miguu mizito na macho yasiyolala. Ndiye mwenye amri ya chumba kile. Hata mama mzazi anabisha hodi kwake.

"Mwali haonwi."

"Bi Hadija, mimi shangazi yake."

"Hata ungekuwa mama yake mara mbili. Na hiyo plasta mkononi? Shangazi mtu umetoka hospitali au umetoka vitani?" Wanawake wa nyuma yake wakacheka. "Nenda kaoge, uje na zawadi, tutakuimbia."

"Bi Hadija." Nikamshika khanga yake kifuani, jambo ambalo halifanywi. "Mtoto huyo ametetemeka? Ametoka jasho la baridi asubuhi?"

Kicheko kikakatika. Bi Hadija akasogea, akaacha nafasi ya mtu mmoja mlangoni.

Ndani kulikuwa na giza la mapazia na moshi wa udi, na mwanga mmoja tu umepenya juu ya dirisha, ndani yake vumbi linaelea. Somoe amekaa mkekani, mikono ina hina, uso umejaa, unang'aa. Anatafuna. Nilimwona anatafuna nikadhani kichwa kimenitoka tena, nikasubiri picha ifutike. Haikufutika.

"Shangazi!" akasema, mdomo umejaa.

"Jana, na juzi, na leo," Bi Hadija alikuwa anasema nyuma yangu. "Kila asubuhi nikirudi kutoka chooni namkuta anatetemeka kama kaloweshwa. Nikasema ni hofu ya mume. Dawa ya hofu naijua, bakuli la uji. Uji wa mchele, tui, sukari isiyopimwa. Anakataa, anasema ananenepa. Namshika pua namnywesha. Leo mabakuli matatu."

Nikakaa chini. Wanawake wale wa zamani, na uji wao wa kunenepeshea mwali, walikuwa wanapigana na sumu yangu bila kuijua, bakuli kwa bakuli, na wanaishinda.

"Iko wapi?" nikamuuliza.

Somoe akatazama chini. Akaingiza mkono chini ya godoro, akatoa pindo la khanga. Kalamu ilikuwa na joto kama yai lililotagwa sasa hivi. Bado ilinuka pweza.

Bi Hadija akaichukua, akaigeuza geuza kwenye ule mwanga. "Hii ndiyo iliyokuwa inamuua?"

"Ndiyo."

"Kauziwa na nani?"

Somoe akanitazama haraka. "Mtu wa Lindi, Bi Hadija. Kwa simu. Simjui."

Huko nje ngoma zilikuwa zinapashwa moto ngozi. Vumbi linaelea kwenye ule mwanga, polepole, halina haraka ya kufika chini, na mimi ningeweza kuelea nalo. Mtoto alikuwa amenifungulia mlango. Nilikuwa na cha kufanya kimoja tu, kunyamaza, na mimi kunyamaza nakuweza, nilishanyamaza kule dukani siku ya boksi la pweza.

"Mimi," nikasema. "Nimemuuzia mimi. Kwa mkono huu."

Bi Hadija hakupiga kelele. Aliitia kalamu kwenye pindo la khanga yake, akafunga fundo mara mbili. Somoe alikuwa analia, lakini kilichomtoka katikati ya kilio kilikuwa hiki: "Na ile halisi, Shangazi, bei gani?"

"Nyamaza wewe," Bi Hadija akasema. Halafu akanigeukia mimi, akanitazama mikono. "Na wewe unatetemeka."

"Nimetoka kwenye dripu."

Akachota uji chunguni, akajaza bakuli, akaliweka mbele yangu.

"Kula. Ukimaliza, toka kwa mlango wa nyuma, wasikuone. Na harusini usije."

Nikala. Ulikuwa mtamu mpaka meno yanauma. Nilikula polepole, mwali akinitazama, somo akinitazama, ngoma ikianza nje, nikala mpaka yakatokea maua mekundu yaliyochorwa chini ya bakuli, nikaendelea kuyakwangua.